Binti yangu na skii: paki au porini, wapi pa kuogopa zaidi?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Mikindani, Mtwara. Binti yake anasoma Innsbruck, Austria, na huu ni msimu wake wa pili wa kujifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Sasa amealikwa na makundi mawili ya wanafunzi wenzake kwa mwezi Machi. La kwanza linakwenda kwenye paki, yaani eneo la kituo cha skii lililotengenezewa vilima vya kurukia na vyuma vya kutelezea. La pili linapanda mlima kwa miguu, nje kabisa ya njia za kituo, kisha linateremka na skii kwenye theluji ambayo haijapitiwa na mtu. Binti kamtumia baba yake video za makundi yote mawili. Mwalimu anasema ile ya paki ilimtoa jasho, ile nyingine aliiona nzuri tu. Anauliza: "Ipi kati ya hizi inaweza kuniletea msiba, nimkataze hiyo?"

Shikamoo, Mwalimu.

Nianze na jibu, maana najua unalisubiri. Paki ndiko anakoweza kuvunjika mfupa kwa urahisi zaidi. Porini anaweza kwenda na kurudi mara nyingi bila hata mkwaruzo, lakini likitokea la kutokea, ndiko anakoweza asirudi. Ukinibana nichague pa kumzuia msimu huu, nitasema porini. Video iliyokutoa jasho siyo inayonitia hofu mimi.

Nilifanya kazi miaka kadhaa chumba cha dharura katika hospitali moja ya Tirol, jimbo ambalo Innsbruck imo, kabla ya kurudi nyumbani Lindi, na siku za mapumziko nilikuwa natoka na kikosi cha uokoaji cha kijiji. (Kijerumani nilianza kukisikia Ndanda kwa watawa, sikujua kitanifikisha kwenye theluji.) Majeruhi wa paki nimewapokea wengi mno. Wa porini walikuwa wachache, na baadhi yao hawakuwa na haja ya daktari tena.

Kwanza tuiangalie paki, maana inaeleweka haraka. Kituo cha skii ni mahali pa biashara: kuna tiketi, lifti za viti, njia zilizopewa rangi ya bluu, nyekundu na nyeusi kwa ugumu wake, mitambo inayozisawazisha usiku, na walinzi wanaozunguka. Mteremko unaotishia kuporomoka juu ya njia huporomoshwa kwa baruti asubuhi kabla wateja hawajafika. Paki imo ndani ya uangalizi huo. Innsbruck wanayo moja juu ya mji kabisa, kwenye mlima wa Nordkette. Mwanafunzi anatoka darasani, anapanda kebo, anaruka, na jioni yuko maktaba.

Kilima cha kurukia kina sehemu tatu: mdomo wa kurukia, tambarare ya katikati, na mteremko wa kutua. Usalama wote uko kwenye huo mteremko. Ukitua juu yake, mwili unaendelea kushuka karibu kwa mwelekeo uleule uliokuwa nao hewani, na miguu inapokea uzito taratibu. Ukipungukiwa na kasi unatua kwenye tambarare. Ukizidisha kasi unaupita mteremko wote, unatua chini ambako napo ni tambarare. Hapo kimo chote ulichoanguka kinaishia kwa mpigo mmoja kwenye magoti, nyonga na uti wa mgongo. Hesabu zake unaziweza kuliko mimi: anguko la mita 3 linakufikisha chini kwa kasi ya kama kilomita 28 kwa saa. Helmeti za skii za Ulaya hupimwa kwa kuangushwa kutoka kama mita 1.5, yaani kasi isiyofika kilomita 20 kwa saa. Kwa hiyo helmeti ni lazima, tena inasaidia sana kwenye maanguko ya kawaida, lakini mtu asiione kuwa ruhusa ya kupanda kilima kikubwa.

Na kasi ndiyo inayowadanganya wengi. Machi asubuhi theluji imeganda, skii zinakimbia. Saa nane mchana jua limeilainisha na skii zinanata. Kijana aliyeruka vizuri saa nne anarudi mchana, anaanzia palepale alipoanzia asubuhi, anafika mdomoni akiwa na kasi pungufu, na anatua kwenye tambarare. Majeruhi wa namna hii nimewapokea mno: mtulinga, kifundo cha mkono, kano za goti, pingili za mgongo zilizobonyea, na vichwa. Tafiti zilizolinganisha majeruhi wa paki na wale wa njia za kawaida zinakubaliana kwamba wa paki huumia zaidi kichwa na mgongo. Wengi ni vijana, na wavulana ndio wengi zaidi, sijui kama hilo litakufariji.

Paki inaua? Inaua, mara chache. Januari 2012 Sarah Burke wa Kanada, mmoja wa wanawake hodari kabisa duniani katika skii ya kuruka, alianguka akiwa mazoezini huko Park City, Marekani, kwenye mfereji wa theluji wenye kuta mbili ndefu, akafariki siku tisa baadaye. Lakini huyo alikuwa anaruka vimo ambavyo binti yako hatavisogelea. Kwa ujumla, vituo vya skii vya Marekani hupokea ziara kama milioni 60 kwa msimu, na vifo ndani ya vituo ni kama 40 kwa wastani, wengi wao wakiwa wamegonga miti kwenye njia za kawaida kabisa. Kuumia ni jambo jingine: ni kama watu 2 au 3 kwa kila siku 1,000 za skii. Mkono kufungwa hogo ni jambo la kutarajiwa. Jeneza si la kutarajiwa.

Sasa porini.

Huku kwetu mtu akisikia habari ya poromoko la theluji, anapata picha ya mlima unaomwagika wenyewe, na mtu wa watu amepita chini kwa bahati mbaya. Yapo hayo. Februari 1999 theluji ilishuka juu ya kijiji cha Galtür, hukohuko Tirol, ikaua watu 31, wengine wakiwa ndani ya nyumba. Lakini wanamichezo hawafi hivyo. Karibu mara tisa kati ya kumi, poromoko linalomuua mwanaskii limeanzishwa na yeye mwenyewe au na mwenzake waliyeongozana naye.

Linaanzaje? Theluji hailali mlimani kama kitu kimoja. Kila dhoruba inaleta tabaka lake, na kati ya dhoruba na dhoruba baridi na jua vinaigeuza ile ya juu. Wakati mwingine chembe zake zinakuwa kubwa, kavu, hazishikani. Kisha upepo unakuja na theluji nyingine, unaipakia juu na kuikandamiza mpaka inakuwa bamba gumu. Sasa una bamba zito limelala juu ya chembe zisizoshikana, kwenye mteremko. Linaweza kukaa hivyo wiki nzima. Anapita mwanaskii mmoja, uzito wake unafika kwenye lile tabaka bovu, linavunjika, na ufa unakimbia mbali pande zote kwa kasi ambayo hakuna skii inayoishinda. Bamba zima linaondoka, yeye akiwa katikati yake. Mabamba haya yanahitaji mwinuko wa kama nyuzi 30 na kuendelea. Nyuzi 35 hadi 40 ndipo yanapopenda zaidi. Na hiyo, kwa bahati mbaya, ndiyo miteremko inayonoga kuteleza.

Theluji ikisimama, inakaza palepale. Aliyefukiwa hawezi kusogeza kidole. Mara nyingi mwili hauna jeraha kubwa, lakini hewa inakwisha, maana wengi wanaokufa kwenye poromoko wanakufa kwa kukosa hewa. Takwimu za Uswisi za miaka mingi zinasema hivi: ukimchimbua mtu ndani ya dakika 10 za kwanza, wapo hai kama tisa kati ya kumi. Ukifika dakika 30, wamebaki kama watatu. Helikopta ya Tirol ni ya haraka sana, lakini mpaka simu ipigwe, rubani aruke, apate pa kutua, dakika 10 zimepita zamani. Kwa hiyo ambulensi ya porini ni wenzako uliokwenda nao, hakuna nyingine.

Ndiyo maana kila mmoja hubeba vitu vitatu. Kifuani, chini ya koti, kuna redio ndogo inayotuma mawimbi muda wote. Begini kuna fito ya kukunjua yenye urefu wa mita mbili na zaidi, na koleo. Mmoja akifukiwa, wengine wanageuza redio zao kutoka kutuma kwenda kutafuta. Mmoja tu akisahau kugeuza, redio zinamfuata yeye aliyesimama na kumwacha aliye chini. Wanatembea wakifuata mlio na namba ya umbali kwa mita: 38, 25, 12. Zikishuka chini ya 3 wanapiga magoti, wanaiburuza redio juu ya theluji mpaka wapate namba iliyo ndogo kuliko zote. Hapo fito inachomwa, sentimita 25 pembeni inachomwa tena, duara linapanuka, mpaka inagusa kitu kinachobonyea kidogo. Fito inaachwa hapohapo. Wanachimba kutokea upande wa chini wa mteremko kuelekea kwake, si kutokea juu, ili wasimkanyage na ili theluji iwe na pa kwenda. Kuchimba ndiko kunakokula muda. Mita moja ya theluji hiyo, kwa watu wawili wanaohema na kulia, ni ndefu. Nimeona kundi lenye vifaa vya gharama likishindwa kwa sababu hakuna aliyewahi kufanya mazoezi ya koleo. Kila mtu alikuwa amefanya mazoezi ya redio, maana ndiyo inayofurahisha.

Lakini Mwalimu, hata haya yote siyo sababu kubwa inayonifanya nichague kumzuia porini. Sababu yangu ni hii: paki inasema, mlima haukwambii kitu.

Mtu akikosea kwenye paki, anajua sekunde ileile. Alitua vibaya, goti linauma, kesho anaanza kwenye kilima kidogo zaidi. Kosa dogo linalipwa kwa maumivu madogo, na ndani ya mwezi mmoja mwili wake umejua mpaka wake uko wapi. Unaweza kuwa mwanafunzi mzuri wa paki kwa sababu paki ni mwalimu anayesahihisha daftari kila siku. Mlima haufanyi hivyo. Unaweza kupita juu ya bamba bovu mara nyingi, likakuacha. Unarudi mjini ukijua kwamba ulichagua vizuri, kumbe ulikosea na hukuambiwa. Kwetu Kusini kila mtu ameokota korosho kwenye majani makavu tangu utotoni bila kuumwa na nyoka. Anayeamini kwamba miaka hiyo ni ushahidi kuwa majani hayana nyoka, huyo ndiye mtaalamu wa mlima ninayemwogopa. Uzoefu wa porini unaweza kumjaza mtu imani bila kumjaza maarifa. Mara kwa mara wanaofukiwa ni watu waliopita mteremko huohuo wiki iliyotangulia.

Ishara zipo, kwa anayezijua: theluji inayotoa mlio mzito wa kudidimia chini ya skii, nyufa zinazokimbia kutoka miguuni, maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani, upepo mkali jana usiku. Na ipo taarifa. Tirol, pamoja na majirani zake wa Italia, Südtirol na Trentino, hutoa tahadhari ya pamoja kila jioni wakati wa msimu, bure, ikieleza mteremko wa upande gani na kwenye kimo gani una tatizo la aina gani. Hatari inapewa daraja kuanzia 1 hadi 5. Jambo moja linawashangaza wageni wote: wengi hufa siku za daraja la 3. Daraja la 4 watu wengi wanabaki nyumbani. Daraja la 3 linaonekana kama la katikati, la kawaida, "si mbaya sana", na jua limetoka.

Wapo pia wanaokwenda siku za daraja la 4. Februari 2012 huko Lech, Austria, Friso, mwana wa malkia wa Uholanzi, alitoka nje ya njia siku ya namna hiyo. Poromoko lilimfukia kama dakika 25. Alichimbuliwa, moyo wake ukarudishwa, lakini ubongo ulikuwa umekaa mno bila hewa. Hakurudiwa na fahamu kamili tena, akafariki Agosti 2013.

Utaniuliza idadi. Milima ya Alps ya Ulaya hupoteza watu kama 100 kwa mwaka kwa maporomoko, karibu wote wakiwa nje ya njia rasmi. Ukigawanya kwa watu wote wanaopanda, kila safari moja moja haitishi. Tatizo ni kwamba porini hakuna lango la tiketi, hivyo hakuna anayewahesabu wanaopanda, na mtu akikupa asilimia kamili ya hatari ya porini, usimwamini. Tunachojua vizuri ni upande wa pili: mtu akifukiwa kichwa na kifua, nafasi yake ya kuishi ni karibu nusu kwa nusu. Hakuna kosa la paki lenye bei hiyo kwa mtu anayeruka kilima kidogo.

Niguse haraka eneo la tatu ambalo hukuliuliza, maana ndilo linalowameza wasiojihesabu kuwa watu wa porini: ile theluji nyeupe mita chache nje ya kamba inayoonyesha mpaka wa njia, kati ya njia mbili za kituo. Michael Schumacher, yule bingwa wa mbio za magari, aliumia mahali kama hapo, Méribel, Ufaransa, Desemba 29, 2013. Skii yake iligonga jiwe lililofichwa na theluji, naye kichwa kikapiga jiwe jingine, na helmeti alikuwa ameivaa. Hakuwa anaruka, hakuwa mlimani mbali. Mwambie binti kamba ni kamba.

Sasa kuhusu kumkataza. Mtu mzima aliye Innsbruck hakatazwi na baba aliye Mikindani. Atakwenda, ila hatakwambia. Mimi ningempigia simu nikamuuliza maswali, na majibu yake yangenipa picha yote. Redio, fito na koleo anavyo, au ataazimwa asubuhi ya safari? Amewahi kumtafuta mtu kwa redio hiyo, kwa saa mkononi? Nani anaongoza, ni mtu mwenye leseni ya kuongoza watu milimani au ni rafiki anayejua njia? Wanapanga kupita mwinuko wa nyuzi ngapi? Wanaondoka saa ngapi? Machi theluji hulegea na jua, kwa hiyo wanaojua huondoka bado giza na kuwa wameshashuka kabla ya adhuhuri. Akikujibu "tunaondoka tukishapata kifungua kinywa," basi umepata jibu lako.

Na swali ambalo kwangu linazidi yote: siku hiyo akiona hapendi, anaweza kusema "mimi narudi"? Hili nalisema kwa kuwa tumelelewa nyumba zinazofanana, Mwalimu. Binti wa Kimakonde aliyefundishwa kutowabishia waliomtangulia, akiwa mgeni pekee kati ya Watirol waliojua skii kabla ya kusoma, amekopeshwa koti, amepewa lifti ya gari, hatafungua mdomo. Atafuata. Heshima aliyofundishwa Mikindani ni nzuri sana, lakini kule juu mwambie ameachiliwa. Baba akilisema hilo kwa mdomo wake, lina uzito kuliko kozi nzima.

Akitaka porini kweli, njia ipo: msimu ujao, baada ya kozi ya siku chache ya maporomoko, akianza na miteremko isiyofika nyuzi 30 na isiyokaa chini ya mikubwa zaidi, maana bamba linaweza kuanzia juu yako pia. Na paki mwache aende. Aanze na vilima vidogo kabisa, kila asubuhi apite pembeni mara moja akiangalia kabla ya kuruka, na aache mapema, kwa sababu wengi wanaumia kwenye ule mruko wa "wa mwisho halafu twende".

La mwisho ni fedha, na hili lifanye wiki hii. Bima ya mwanafunzi ya Austria inamtibu hospitali, lakini mara nyingi hailipi helikopta ya kumtoa mlimani akiwa kwenye michezo, na bili hiyo inafika maelfu ya euro, hata kwa mguu uliovunjika tu. Uanachama wa klabu ya milima ya Austria, Alpenverein, una bima ya uokoaji ndani yake, na ada yake kwa mwaka ni ndogo ukiilinganisha na bili moja ya helikopta. Ajiunge kabla ya Machi, aende paki au porini. Kisha aandike kwenye simu yake namba 140, ya uokoaji wa milimani Austria, na 112, inayopatikana Ulaya nzima hata mtandao wa laini yake ukikosekana, alimradi uwepo wa kampuni nyingine.